Karatasi Inayopitisha Jua

Ninyi mnaobonyeza kitufe cha kuchapa huku macho yenu yako kwenye simu, sogeeni kidogo. Sina hasira nanyi. Nataka tu kuwaeleza juu ya karatasi moja ambayo haikubali kuchapwa na mtu anayewaza mambo mengine.

Mimi ni Ezaru. Pale Arua mjini wengi waliniita Mama Picha, na hata sasa nikipita sokoni kuna wanaoniuliza kama bado napiga pasipoti. Sipigi tena. Printa nimemwachia mpwa wangu, ambaye anaifunika vizuri lakini anazungumza nayo vibaya. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchapa picha za watu kwenye shashi. Mnaijua shashi: ile karatasi laini wanayofungia viatu vipya ndani ya boksi, mnayoitupa kabla hata ya kujaribu kiatu. Ukiinua mbele ya dirisha, unaona kivuli cha mkono wako upande wa pili. Ukivuta pumzi karibu nayo, inasogea kukufuata. Nimekaa nayo miaka mingi na mpaka leo nikiishika nashusha sauti bila kujua.

Printa haikutengenezwa kwa ajili ya shashi. Printa inataka karatasi yenye mgongo. Ukiipa shashi peke yake inaimeza, inakohoa, kisha unashinda mchana kutwa ukitoa vipande tumboni mwake kwa kibano cha nyusi. Nimefanya hivyo. Kibano kile hakikurudi tena kwenye nyusi, na nadhani ilionekana.

Aliyenifundisha ni Papa Floribert, fundi wa picha kutoka upande wa Kongo, mtu mwembamba aliyefunga tai hata siku ya kufagia. Alikuwa amezoea chumba cha giza na dawa zake, na printa za wino zilipofika Arua mafundi wenzake walizicheka. Yeye alinunua moja iliyotumika, akaiweka juu ya meza, akaiangalia siku nzima bila kuiwasha. Nilipomuuliza anangoja nini, akasema, "Niko nayisikiliza kwanza. Na yeye ananisikilizaka." Nilidhani uzee umemfikia. Baadaye nami nikaanza kusikia: mlio mmoja wakati kichwa cha wino kinapita salama, na mwingine, mkavu kidogo, kabla tu ya karatasi kukunjamana. Mkisikia huo wa pili, zimeni. Msisubiri muone.

Siri ya kwanza aliyonipa ni karatasi ya kubebea. Chukua karatasi nzito ya kawaida, laza shashi juu yake, ukingo unaotangulia uubandike kwa selotepu kutoka pembe hadi pembe, bila kuacha hata mwanya wa ukucha. Pembeni bandika pia, ila usivute. Ukivuta, shashi itakumbuka, na ikipata wino italegea hapohapo ulipoivuta. Papa aliita ile karatasi nzito mama, kwa kuwa inambeba mwenzake mgongoni. "Umeshaona mama akibeba mutoto?" aliniambia. "Anafunga kitambaa nguvu, lakini mutoto anapumua." Kisha uiambie printa kwamba unaipa karatasi nene, ili kichwa kiinuke. Ni uongo, lakini ni uongo mzuri.

Na shashi hizo alizitaka nani? Watu wa mishumaa. Pale kwetu familia nyingi za Kikristo, hasa zile zilizotoka Kongo, hupenda mshumaa wenye picha: ubatizo, harusi, kumbukumbu ya marehemu. Unachapa uso kwenye shashi, unaikata, unaizungushia mshumaa mnene, kisha unapitisha mgongo wa kijiko cha moto taratibu. Nta inayeyuka na shashi inainywa. Karatasi inapotea na uso unabaki, umezama ndani ya nta, na mshumaa ukiwaka uso unapata mwanga kwa ndani. Mara ya kwanza nilipoona hayo, nilikaa chini.

Lakini msinione fundi wa kuzaliwa. Mshumaa wangu wa kwanza wa harusi niliweka uso wa bibi harusi juu kabisa, karibu na utambi, nikidhani heshima iko juu. Kanisani wakawasha. Mhubiri alikuwa mtu wa maneno mengi, na alipofika katikati ya mahubiri, bibi harusi wa mshumaani hakuwa tena na paji la uso. Shangazi zake walimkazia macho bwana harusi kana kwamba yeye ndiye aliyewasha kiberiti. Papa Floribert alicheka mpaka tai ikapinda. "Bibi anawekwa chini, mbali na moto," alisema. "Moto wa ndoa utamufikia tu, usimuharakishie."

Basi ni mshumaa wa namna hiyo uliomleta Hajati Rukia kutoka Koboko. Papa alikwisha kufariki wakati huo na duka lilikuwa langu. Ulikuwa msimu wa mvua, ule ambao asubuhi za Arua huamka zimefunikwa na ukungu na sauti za watu zinafika kabla ya watu wenyewe. Aliingia mama mmoja mwenye ushungi mweupe, akakaa, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na mshumaa wa kumbukumbu, mmoja wa kwangu, aliouazima kwa jirani.

"Mimi siko Mkristo," alianza, kama anayeomba radhi. "Lakini hii kitu nilishika mbele ya taa, na uso ikatoka. Nikasema, mutu ametengeneza hii, mimi natafuta yeye."

Nikamwambia ndiye mimi. Akanieleza taratibu, huku akiukunja na kuukunjua ule ushungi. Mume wake, Mzee Abdu, alikuwa mwanajeshi zamani. Macho yake yalikuwa yakifa. Daktari alishasema hakuna cha kukata wala cha kutia. Mwanga kidogo uliobaki nao utaondoka, na hautakawia. Mwana wao, Swaibu, alikuwa dereva wa lori, akivuka mpaka pale Oraba kwenda ng'ambo Kaya na mbele zaidi. Aliugua huko huko mbele, akafariki, akazikwa huko kabla ya wazazi kupata njia ya kufika. Baba hakuuona uso wa mwanawe mara ya mwisho, na sasa alitaka kuuona hata kwenye picha, kabla dirisha la macho halijafungwa.

"Picha si iko?" nikamuuliza.

"Picha iko kwa simu. Nilipeleka, wakatoa kubwa, wakaweka fremu. Nikampa Mzee. Akapapasa, akasema, naona, huyu ndiye Swaibu." Akaugeuza ule mshumaa mkononi. "Mama, nilikuwa nimechukua fremu mbaya. Ile ilikuwa harusi ya dada yangu."

Sikucheka, na wala yeye hakucheka, ingawa tulitazamana kama watu ambao siku nyingine wangecheka.

"Yeye nasema naona juu ya kunifurahisha," akaendelea. "Kila kitu naona, naona. Mimi hapana taka aseme naona. Mimi nataka aone."

Nilimuuliza kama kuna kitu chochote ambacho kweli anakiona. Ndipo akaniambia juu ya jani. Baada ya mvua moja, jani lilikuwa limenasa kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, lile linaloelekea jua linakotoka, na Mzee akauliza kwa nini hawaliondoi. Mtu akisimama mlangoni na jua nyuma yake, Mzee alimjua kwa mabega. Kitu chenye giza mbele ya mwanga, hicho alikipata. Kitu kilicholala mezani au kutundikwa ukutani kilikwisha kwenda. Ndiyo maana ule mshumaa ulimwamsha Hajati. Alitaka uso wa Swaibu kwenye kioo, mkubwa, jua likiwa nyuma yake.

Nilimwambia nitajaribu. Alipoondoka nilibaki nikitazama picha ya kijana yule niliyoitoa kwenye simu yake na kuiweka kwenye kompyuta, kijana anayecheka mbele ya lori lake, na nilijisikia vibaya, maana nilijua jambo ambalo sikumwambia. Jua linakunywa wino. Picha iliyokoza mezani, ukiiweka dirishani inapauka kama nguo iliyofuliwa sana. Ili ikoze inahitaji wino mara mbili, na shashi haibebi wino mara mbili. Inalowa, inavimba, inachanika penye nyusi.

Hapa sasa sikilizeni, ninyi wa kazi hii. Shashi tupu inasambaza wino. Ukichora unywele, unapata kamba. Dawa yake ni wanga wa muhogo. Tulikuwa tukichemsha wanga mwembamba sana, mwembamba kuliko uji wa mgonjwa, tukauchuja kwa kitambaa, tukaupaka kwa brashi pana juu ya shashi iliyotandazwa kwenye kioo. Mpako mmoja, upande mmoja, bila kurudi nyuma. Ikikauka inabanduka yenyewe kwa mlio mdogo, na ina sauti kidogo ukiitikisa. Wino sasa unakaa ulipoambiwa. Tumieni wino ule wenye rangi ya unga, usiofifia upesi juani. Ule wa maji wa chupa za bei rahisi, dirishani hautamaliza hata mwezi wa mfungo.

Kiangazi, shashi yenye wanga inakauka ukiwa bado unaisifu. Msimu wa mvua inakudanganya. Ile ya kwanza ya Swaibu niligusa nikaona kavu, nikaipitisha. Ikatoka, nikaenda kunywa chai, niliporudi wino ulikuwa umeteremka kutoka machoni mpaka kidevuni. Kijana aliyekuwa anacheka sasa alikuwa akilia weusi. Niliikunja upesi, nikaichoma mwenyewe jikoni. Sikutaka mpwa wangu aione.

Ya pili stima ilikatika kichwa cha wino kikiwa kwenye pua. Mnajua stima yetu, umeme wa kuja na kuondoka. Niliketi na nusu ya uso, kuanzia pua kwenda juu, macho yakinitazama yakingoja mdomo. Nikafikiri juu ya yule mzee kule Koboko, ambaye kila siku anapokea kidogo kuliko jana, nikaona kwamba uso ule nusu ndio anaoishi nao. Nawaambia ukweli, niliogopa. Kazi yangu yote nilizoea wateja wanaoweza kurudi kesho.

Nilimkumbuka Papa Floribert. Alikuwa akisema, karatasi moja ikishindwa mzigo, usimupige, umutafutie mwenzake. Nikachapa shashi mbili, kila moja na wino wake wa kawaida, halafu nikaamua kuzilaza moja juu ya nyingine. Asubuhi nilisimama mbele ya dirisha la duka, moja nimeibandika kwenye kioo, nyingine naishikilia juu yake kwa ncha za vidole. Nyuso mbili za kijana mmoja zikawa zinatetemeka, zinapishana, kama mtu anayetaka kuamka. Nikasogeza. Nikapumua kwa pua. Nikasogeza tena, mpaka macho manne yakawa mawili, na hapo ukungu wa nje ukapasuka na Swaibu akasimama dirishani mwangu amekoza, amekamilika, na mwanga umejaa kwenye mashavu yake. Sikumjua akiwa hai. Nilimsalimu.

Nilizigandisha pembeni tu, pasipo na wino, kwa wanga uleule, mnene kidogo. Jambo moja nililipanga kwa akili: upande wenye wino utaelekea kioo, ili mikono ya wajukuu na moshi wa jikoni visiuguse. Mtazamaji angekuwa anaiona kwa mgongo, kwa hiyo kabla ya kuchapa niliigeuza picha kwenye kompyuta, kushoto kuwa kulia, ili ukiitazama kwa nyuma ikae sawa. Niliandika hata kikaratasi na kukibandika kwenye kompyuta nisisahau kugeuza. Sikusahau.

Nilisafiri jioni kwenda Koboko nikiwa nimepakata bomba la plastiki la fundi maji, shashi imelala ndani. Malori ya Oraba yalitupita yakiwa yamefunikwa maturubai, na kila lori nililichungulia kwa kioo cha mbele, sijui nilikuwa natafuta nini. Nililala kwa Hajati. Mvua ilinyesha usiku, ikaacha alfajiri.

Mzee Abdu alikuwa ameshaswali na kukaa sebuleni nilipotoka. Mtu mkubwa, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Chumba anachoswalia kilikuwa kingine; Hajati alikwisha kulifikiria hilo, picha isikae mbele ya mtu anayesujudu.

"Naambiwa wewe naleta kijana yangu," Mzee alisema.

"Ndiyo, Mzee. Lakini tungoje jua."

"Jeshini nilingoja vitu mbaya kuliko jua," akasema, na akacheka kidogo.

Nilikwenda dirishani na bomba langu, nikapitisha kiganja kwenye kioo, na kiganja kikarudi kimelowa. Kioo kilikuwa kimetoka jasho kwa baridi ya mvua. Wino ule ukikutana na maji hayo, kazi yote ingeteremka kidevuni tena. Nilipangusa, kikatoka jasho upya. Mawingu yalikuwa yakienda, jua lilikuwa karibu, na mzee alikuwa amekwisha kugeuza uso wake kuelekea dirishani. Basi nikaamua palepale: nikaigeuza shashi, wino ukaja ndani kwetu, mgongo ukaenda kwenye kioo. Nikabandika pembe kwa wanga mzito. Nilijipongeza moyoni. Nilisema, Ezaru, leo Papa angekuonea fahari.

Tulikaa. Hajati alileta chai ya tangawizi na muhogo wa kuchemsha, na hakuna aliyeugusa. Dirisha lilikuwa la kijivu, picha ni doa tu. Nje jogoo mmoja aliwika akakoma. Halafu jua likatoka nyuma ya nyumba ya jirani, likapanda kwenye kioo kuanzia chini, na Swaibu akaja nalo: kidevu kwanza, kisha meno ya kicheko, kisha macho. Chumba kizima kikapata rangi ya maziwa ya chai. Hata nzi walionekana kwenda polepole.

Mimi nilimtazama Mzee. Hajati alimtazama Mzee. Hakuna kati yetu aliyekuwa akiitazama picha.

"Naona," Mzee akasema.

Hajati akainamisha kichwa. Lilikuwa neno lilelile, kwa sauti ileile ya upole. Akaanza kukunja ncha ya ushungi wake, na mimi nikatamani niwe Arua, kwenye duka langu, nichape pasipoti mpaka nife.

Mzee aliendelea kukaa. Kisha akainuka, akatembea hadi dirishani akiwa amenyoosha mkono mbele, akasimama karibu mpaka pumzi yake ikaisogeza shashi. Alikaa hapo muda. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Halafu akakunja uso.

"Nani alitengeneza hii?"

"Ni mimi, Mzee."

"Mama, wewe umeharibu. Swaibu alianguka na baiskeli yangu, akapata kovu juu ya jicho ya kushoto. Mimi mwenyewe nilimbeba hospitali. Hapa kovu iko jicho ya kulia."

Nikageuka kuitazama picha. Kovu lilikuwepo, mstari mdogo uliokata unyusi, na lilikuwa kulia. Picha niliyoigeuza Arua nilikuwa nimeigeuza tena Koboko kwa mikono yangu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Niliruka kwenda dirishani, nikasema samahani Mzee, naibandua sasa hivi, wanga haujashika. Hajati akanidaka mkono. Alikuwa analia, machozi yanateremka na hayapangusi, na vidole vyake vilinibana kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mama mzee.

"Wacha," akaninong'oneza. "Usiguse." Kisha akapandisha sauti. "Mzee, unasema kovu iko wapi?"

"Kulia," akasema Mzee, sasa kwa ukali wa kijeshi, kidole chake kimegusa unyusi wa mwanawe pale pale penye mstari. "Nasema iko kulia. Nyinyi wawili hapana ona?"